Chini Kidogo ya Noti

Miaka ishirini na sita nimeendesha Wajerumani.
Wanne, mmoja baada ya mwingine, wote wa kijivu:
Audi mbili, Mercedes, kisha Audi tena.
Milango yao hufunga kama mtu anayemeza mate.
Hatukuwahi kuzozana.
Walitaka oili ya namba ile, siku ile,
nami nikawapa, kama mgonjwa anavyompa daktari ulimi.

Kazi yangu ni kulinganisha nyuzi za piano,
kutoka Duluth hadi mpaka wa Kanada:
makanisa, shule, sebule za wajane.
Nikiondoka, hakuna waya unaobishana na mwenzake.
Nilidhani ndiyo sababu nawapenda Wajerumani.
Ziwa livimbe, dhoruba ya Novemba ipige vioo,
mle ndani unasikia saa yako ya mkononi.

Aprili, Two Harbors, kwa Bernice Lahti.
Piano yake haikuguswa miaka sita,
panya walishajitandikia sufi ya nyundo zake.
Nilipomaliza hakunipa kahawa.
Alinipa ufunguo.
"Una masikio," alisema. "Njoo usikie kitu cha Waino."

Gereji ilinuka theluji kuukuu.
Tulivua turubai, kila mtu upande wake,
kama watu wanaokunja shuka.
Corvette nyekundu; si nyekundu ya zimamoto,
nyekundu ya ndani ya shavu.
Waino aliendesha treni za madini ya chuma maisha yake yote,
akastaafu, akasema anataka kitu kisichofuata reli.
Alikipata kwa viangazi viwili.

Nikawasha.
Silinda nane hazikuimba pamoja.
Zilikuja kama wanaume wanaoshuka ngazi na mabuti,
mmoja kachelewa, mmoja anacheka,
na makopo ya misumari rafuni yakaanza kutetemeka.
Nikatafuta noti; ni mazoea,
kama wewe unavyosoma vibao barabarani bila kutaka.
Ilikuwa Fa, ya chini kabisa,
ila chini yake kidogo, imelegea,
uzi ambao ningeukaza kwa unywele mmoja tu
na kutoza dola mia na arobaini.
Mkono wangu wa kulia ukajikunja kutafuta ufunguo wa kazi.
Kisha ukakunjuka.

Nilirudi mara tatu kabla ya kununua.
Nyumbani nilisema naenda kuangalia kinanda cha kanisa.

Ottmar, fundi wangu kule Superior,
anayezijua Audi zangu kuliko anavyowajua wanawe,
alinitazama kama mtu aliyebadili dini.
Akagonga boneti kwa kidole. "Plastiki," akasema,
na hakusema lingine mpaka nilipolipa.
Najua, usiache mbachao kwa msala upitao.
Lakini mbachao ni mkeka uliochakaa.
Wangu ulikataa kuchakaa,
na hilo ndilo lililonichosha.

Solveig aliingia kwa awamu: mguu, kichwa, lawama.
"Tumekaa chini kama tunaoga," alisema.
"Yule dereva wa lori ameona utosi wangu."
Maili nane baadaye alivua miwani, akaipangusa,
akanyoosha kidole kwenye gari la mbele.
"Mpite huyo."

Sanduku langu la vifaa haliingii butini
ila kwa kulazwa ubavu.
Na droo ya dashibodi hufunguka yenyewe kwenye kona za kushoto,
ikatema risiti za petroli za Waino.
Moja ni ya Grand Marais, tarehe nne Agosti,
na nyuma yake, kwa penseli:
mayai, betri za tochi, kadi ya Bernice.

Sijamrudishia.
Nitampelekea piano yake ikianza kulegea,
na kwa unyevu wa ziwa lile
haitafika Oktoba.